Karakana ya Wasomaji: Pampu ya maji inayovuja kila baada ya miezi miwili

SWALI: Shikamoo Mzee wa Karakana. Ninatunza Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo marehemu baba aliinunua mwaka 1976 alipokuwa akilima kahawa Kibosho. Mwezi wa nane mwaka jana ilianza kupunguza maji ya rejeta, na asubuhi nilikuwa nikikuta matone chini, upande wa mbele. Fundi aliyeniangalizia alinionyesha tundu dogo chini ya pampu ya maji, akasema limetobolewa na kutu, akaliziba kwa skrubu na silikoni. Matone yalikoma. Baada ya wiki tatu pampu ikaanza kulia, na nilipokuwa nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu gari likachemsha hadi likazimika. Nilinunua pampu mpya mjini, isiyo na boksi wala jina la mtengenezaji. Fundi akaifunga, na kwa kuwa mkanda ulikuwa ukipiga kelele akaukaza sana. Aliondoa pia themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, akisema kwamba huku kwetu haina kazi. Sasa imepita miezi miwili tu, na pampu hii mpya nayo inavuja kwenye tundu kama lile. Je, ninunue pampu ya tatu, au ile ya zamani inaweza kufufuliwa? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?
Msomaji wa Shanty Town, Moshi

JIBU: Marahaba, na pole kwa yaliyokukuta njia ya Marangu. Kabla hujatoa fedha kwa ajili ya pampu ya tatu, naomba tuanze na lile tundu, kwa kuwa kesi yote imeanzia hapo. Tundu hilo lilitobolewa kiwandani. Ndani ya pampu kuna shafti moja, ambayo mbele imebeba puli na feni, na nyuma imebeba impela, yaani kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji. Katikati ya shafti kuna beringi iliyofungwa na grisi yake tangu kiwandani, na kati ya beringi na maji ipo sili, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasivuke. Waliosanifu pampu walijua kwamba siku moja sili itachakaa, kwa hiyo waliacha nafasi baina yake na beringi, wakaitoboa kwa chini ili maji yatakayopenya yadondoke nje na mwenye gari ayaone. Fundi wako alipoliziba tundu, maji hayakuwa na pa kwenda ila kwenye beringi. Grisi ikaoshwa, gololi zikabaki kavu, na mlio uliousikia wiki ya tatu ulikuwa wa vyuma vinavyosagana. Tone la kwanza lilikupa wiki kadhaa za kutafuta pampu kwa utulivu, nayo skrubu ile ikakunyang'anya muda huo.

Tuje kwenye pampu ya pili. Ni rahisi kusema kwamba umeuziwa spea mbovu, na huenda ndivyo ilivyo, lakini katika barua yako kuna maneno machache uliyoyapita haraka ambayo mimi nimeyasoma mara mbili: kwamba mkanda ulikuwa ukipiga kelele, na fundi akaukaza sana. Hata pampu bora kabisa isingedumu hapo. Mkanda unaopiga kelele mara nyingi umeng'aa pembeni kama kioo, au umeingiwa na oili, au umelika kiasi kwamba unakaa kwenye sakafu ya mfereji wa puli badala ya kubana kuta zake mbili. Ukiukaza, kelele itanyamaza kwa muda, lakini mzigo wote unahamia kwenye beringi ya pampu na ya alternata, ambazo zinavutwa upande mmoja saa zote injini inapozunguka. Shafti ikishaanza kucheza, hata kwa kiasi usichoweza kukiona kwa macho, sili haiwezi tena kukaa sawasawa, na maji yanatokea kwenye tundu. Nunua mkanda mpya. Kipimo chake ni kidole gumba: ubonyeze katikati ya sehemu ndefu iliyo kati ya puli mbili, nao ushuke kama sentimita moja. Ukigoma kama ngozi ya ngoma, umezidi.

Mkanda ukiwa umetolewa, shika feni juu na chini, uitikise mbele na nyuma. Isicheze hata kidogo. Kisha ichunguze feni yenyewe, kwa sababu katika gari lako imefungwa kwenye kitako cha pampu, yaani kile kipande cha mbele ya shafti kinachoshika puli, na ubawa mmoja uliopinda unaitingisha beringi kila mzunguko. Mimi hufunga kijiti kwenye fremu ya rejeta, ncha yake ikikaribia kabisa ubawa mmoja, halafu nazungusha feni taratibu kwa mkono, ufunguo wa gari ukiwa mfukoni, na kutazama kama kila ubawa unapita umbali ule ule. Ukiona mmoja unagusa kijiti na mwingine unapita mbali, umeshapata mshtakiwa mwingine.

Jambo ambalo mafundi wengi huliruka ni mstari wa puli. Pampu isiyo na jina inaweza kuwa na kitako kilichokandamizwa milimita mbili mbele au nyuma ya pale panapotakiwa, na mkanda ukawa unakwenda mshazari. Weka rula ndefu au ubao ulionyooka kwenye uso wa puli ya chini na ya pampu, utaona mara moja.

Sasa maji. Hukuniambia rangi yake, lakini kwa gari lililochemsha na kuongezwa maji njiani, naweza kukisia kwamba ni ya kahawia kama chai ya rangi. Kahawia hiyo ni kutu ya injini yenyewe, na chembe zake zinapopita kwenye uso wa sili zinafanya kazi ya msasa. Huku kwetu kuna msemo wa gereji kwamba kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu. Kweli, inazuia maji yasigande, jambo ambalo Moshi halituhusu, lakini ina pia dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha joto ambacho maji huchemkia. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, lakini soma chupa vizuri, kwa sababu madukani jina la maji ya betri hutumika pia kwa asidi, na asidi ndani ya rejeta ni msiba. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi.

Wewe ulichemsha ukipanda, na si ajabu. Pale Moshi mjini maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha yenye mwinuko wa mita 1,400 ni kama nyuzi 95, na ukikaribia geti la Marangu, lililo zaidi ya mita 1,800, yanashuka chini ya hapo. Kinachookoa gari ni kifuniko cha rejeta: chenye mgandamizo wa paundi 10 kwa inchi ya mraba kinapandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 15. Mpira wa kifuniko ukikatika, unapanda mlima ukiwa na sufuria isiyo na mfuniko. Nunua chenye namba ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala usidhani kwamba chenye paundi nyingi zaidi kitasaidia zaidi, kwani rejeta ya umri huo inaweza kupasuka kwenye maungio.

Umeuliza kama unaweza kuifanya kazi hii mwenyewe. Unaweza, kwa siku moja isiyo na haraka, ilimradi upate spana za inchi. Land Rover yako haikutengenezwa kwa milimita. Spana namba 13 itaonekana kuingia kwenye boliti ya nusu inchi, nayo itazunguka na kula kona zake, na boliti yenye kona zilizolika mahali pale, nyuma ya feni, itakufanya ukumbuke maneno haya jioni. Ya inchi 7/16 na ya nusu inchi zitakufikisha mbali.

Anza asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Fungua kifuniko cha rejeta, kisha mwaga maji kwa chini ya rejeta na pia kwenye bloku ya injini, ambako kuna tundu lake la kumwagia upande wa kushoto. Watu wengi humwaga ya rejeta tu na kuacha tope lote ndani ya bloku. Ukifungua pale na kitu kisitoke, usishangilie kwamba ni pakavu; chokonoa kwa waya, utaona uji mwekundu ukianza kutiririka. Endelea kupitisha maji ya bomba kutoka juu hadi yatoke meupe. Ukiwa umetumia kulanti, kinga yote kwenye beseni na uifiche, kwa sababu ladha yake ni tamu na mbwa au kuku akiinywa anaweza kufa.

Legeza boliti nne za feni kabla hujatoa mkanda. Hii ni hila ndogo lakini inaokoa vidole, kwa kuwa mkanda uliobana ndio unaozuia puli isizunguke na spana yako. Toa kikinga cha feni, halafu mkanda, halafu feni na puli. Mipira ya maji iliyogandamana usiibandue kwa bisibisi. Ikate kwa kisu na ununue mipya, hasa ule mfupi unaounganisha pampu na nyumba ya themostati. Mpira huo ni wa bei ndogo, lakini ukipasuka baadaye utalazimika kurudia nusu ya kazi yote ili kuufikia.

Boliti za pampu hazilingani urefu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pampu, toboa matundu kama yalivyo, na kila boliti unayoitoa ichomeke mahali pake pale pale. Nimewahi kuona boliti ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi: fundi alikaza, akahisi imebana, kumbe imegota mwisho wa tundu huku pampu ikiwa bado imelegea. Boliti inayogoma ipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na siku ya kazi ijaribu kwanza kuikaza kidogo kabisa, kiasi cha unywele, ndipo uirudishe nyuma. Utasikia ikilia kwa ufupi inapoachia. Ikiendelea kugoma, acha nguvu na tafuta joto, kwa sababu boliti ikikatikia ndani, kazi ya siku moja itageuka ya wiki.

Pampu ikikataa kubanduka baada ya boliti zote kutoka, hesabu upya, huenda moja imebaki. Kama zimetoka zote, igonge pembeni kwa nyundo ya mbao, wala usipenyeze bisibisi kati ya nyuso mbili, maana kila mkwaruzo utakuwa mfereji wa kuvujia. Kwangua gasketi ya zamani hadi chuma king'ae. Gasketi mpya ya karatasi inatosha ikiwa na grisi nyembamba au gundi ya gasketi iliyopakwa kwa kidole. Silikoni inayofinywa kama dawa ya meno juu ya chapati hubanwa ikaingia ndani, ikagandia huko kama minyoo, ikakatika na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Kaza boliti kwa mshazari, kidogo kidogo, mizunguko miwili au mitatu, ukibadilisha upande.

Wakati wa kujaza, fungua koki ya hita, mimina polepole, na ufinye mpira wa juu mara kwa mara ili hewa itoke. Mfumo wote unachukua kama lita 10. Ukiona zimeingia 6 tu na rejeta imejaa, hewa imekaa mahali. Washa injini, iache ipate moto, izime, na kesho yake asubuhi ongeza kilichopungua. Pampu mpya ikitoa tone moja au mawili siku ya kwanza kabla sili haijajikalia, vumilia. Siku ya tatu usivumilie.

Kuhusu kufufua pampu ya zamani, mimi naipendelea njia hiyo, ikiwa mwili wake haujaliwa na kutu kwa ndani. Chuma cha pampu iliyotoka na gari mara nyingi kimekerezwa vizuri kuliko cha hizi zisizo na jina, na kwa mtu anayetunza gari la baba yake kuna raha fulani katika kurudisha kile kile. Kinachobadilishwa ni beringi pamoja na shafti yake, sili, na impela kama mapezi yamelika. Mafundi wa kukereza wenye presi wapo Moshi na Arusha, ila mwonye jambo moja kabla hajaanza: ubavuni mwa pampu ya Land Rover yako kuna skrubu ndogo inayopita kwenye mwili na kushika beringi isihame. Akisukuma shafti kwa presi bila kuitoa skrubu hiyo, mwili utapasuka, na mjadala wa kufufua utakuwa umeisha. Mwagize pia apime kimo cha kitako cha puli kabla ya kukitoa, ili akirudishe pale pale.

Ukiamua kununua, nenda na ile ya zamani mkononi, na usione haya kukaa dukani nusu saa. Hesabu matundu, linganisha kimo cha kitako kwa rula, zungusha shafti na usikilize kwa sikio lililo karibu: izunguke kwa uzito laini, bila kukwaruza na bila kulegalega. Arusha ni mji wa Land Rover, kama mtu yeyote aliyeona msafara wa tamasha la Oktoba 2024 anavyojua, na spea za magari haya hupatikana. Duka moja likikuharakisha, nenda la jirani.

Themostati irudishe. Injini isiyo nayo inachelewa kupata moto, na asubuhi za Juni na Julai inaweza isiupate kabisa katika safari fupi, ikanywa petroli zaidi na kuta za silinda zikachakaa mapema. Na kama gari lilikuwa likichemsha kwa sababu ya pampu, kuiondoa hakukutibu chochote. Ijaribu jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na uweke motoni. Iliyoandikwa 82, yaani nyuzi 82, inapaswa kuanza kufunguka muda mrefu kabla maji hayajatokota. Ikibaki imefumba huku maji yakiruka, nunua nyingine.

Jambo la mwisho kwako: kwa kuwa gari lilichemsha hadi likazimika, chomoa kijiti cha oili leo hii. Ukiona oili imekuwa kama maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na pampu isubiri zamu yake.

SWALI: Mzee, Peugeot 504 yangu ikiwashwa asubuhi, feni haizunguki ipasavyo ingawa mkanda unazunguka. Fundi anasema pampu ya maji imekufa na ibadilishwe. Gari halijawahi kuchemsha. Je, nimwamini?
Msomaji wa Njiro, Arusha

JIBU: Usimwamini bado. Feni ya gari hilo haikukazwa moja kwa moja kwenye puli. Inashikwa na sumaku ya umeme, nayo huamrishwa na swichi ya joto. Injini ikiwa baridi inatakiwa iachiwe, izunguke kwa uvivu tu, na ikipata moto swichi inapeleka umeme, sumaku inavuta, feni inafuata puli. Pampu yenyewe inaendelea kusukuma maji muda wote. Liache gari lisimame likiunguruma hadi lipate moto, na usikilize: feni ikishikwa utausikia upepo ukibadilika. Isiposhikwa, angalia waya, swichi, na kaboni ndogo inayopeleka umeme kwenye puli, ambayo huchakaa kama zile za dainamo. Ukikwama njiani, kuna skrubu tatu zenye nati zake mbele ya kifaa hicho. Ukizikaza, feni inashikwa moja kwa moja na utafika nyumbani. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 halikuja huku bila kufikiriwa.

SWALI: Nimepewa Volkswagen Beetle ya mwaka 1968. Nimeambiwa nibadilishe pampu ya maji kabla ya kuitembeza. Nitaipata wapi?
Msomaji wa Usa River

JIBU: Hutaipata, kwa sababu gari hilo halina maji wala rejeta, injini yake hupozwa na hewa. Aliyekuambia hivyo asiguse gari lako. Badala yake kagua mkanda ulio nyuma, ambao unazungusha dainamo pamoja na feni ya kupozea, na uwe na wa akiba ndani ya gari. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa barabarani, simama hapo hapo, kwa sababu huenda mkanda umekatika, na bila mkanda injini haipati upepo wowote.